Nilimpa Mume Wangu Ufunguo Wangu wa Siri

Msimamizi alipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasoma simu yake kwa sauti.

"'Sindano ni mimi, fundi wa mashine ya dirishani.'"

Ukumbi mzima wa kushonea ukageukia dirishani...

Mashine ya dirishani ilikuwa ya wifi yangu.

"Kusanya vyako, mama. Kazi imeisha."

Jamani, niliacha mashine yangu ikinguruma.

Programu yetu mafundi ya ujumbe haikuonyesha namba ya simu wala jina la mtu. Unatambulika kwa ufunguo wako wa siri, maneno machache tu. Mwenye maneno yako ndiye wewe. Humo tulipanga kugoma hadi kufuli la mlango wa dharura litolewe, kwa majina ya bandia. Mimi tu nilijua Sindano ni wifi, maana ndiye aliyeniingiza.

Nikajifungia chooni, nikafungua programu. Swali lililomponza, 'Xaxa wewe Sindano ni nani?', lilitoka kwenye jina langu...

Na sikuliandika.

Mume wangu, dereva wa kiwanda hicho hicho, alikuwa amenuna siku nyingi. "Mke gani anamficha mumewe simu?" Nikachoka kusemwa. Nikampa ufunguo ajionee sina mwanaume.

Jioni nilimkuta anajaribu koti jipya la kiongozi wa zamu.

"Umemuuza dada yako?"

"Walitaka jina tu. Sikujua ni yeye mpaka alipojibu."

"Na alipojibu?"

Akaendelea kufunga vifungo vya koti.

Nikaenda kwa wifi, nikapiga magoti.

"Wifi, ule ufunguo niliutoa mimi. Nisamehe."

"Nilijua si wewe aliyeandika. Wewe unanifahamu, ungeniulizaje mimi nani? Halafu 'sasa' imeandikwa 'xaxa'. Nani mwingine kwetu anaandika hivyo?"

"Sasa mbona ulijibu?"

Machozi yakamlengalenga.

"Nilijua ni kaka yangu. Nikadhani anataka kuwa upande wetu."

Bora angenizaba kofi...

Kesho yake sikukaa kwenye mashine. Nilisimama mbele ya mlango wenye kufuli, nikataja jina langu kamili, nikasema nimegoma. Wenzangu wakanifuata mmoja mmoja. Kufuli limetolewa. Wifi hajarudishwa.

Ndugu zangu, siri ya wengi haikuwa yangu kuigawa, hata kwa ninayelala naye. Ufunguo nimeshabadilisha. Uso wa kumtazama wifi ndio sijaupata.