Mlango wa Jikoni

Kuku walikuwa wameingia jikoni tena. Jogoo alisimama juu ya kinu kama mwenye nyumba, na mitetea wawili walikuwa wakidonoa unga wa muhogo kwenye ungo. Shadya aliwafukuza kwa ufagio kabla hata hajanawa uso. Hivyo ndivyo siku zake zilivyoanza tangu baba yake alipoagiza mlango wa jikoni ung'olewe.

"Jikoni kwetu hakuna mlango," mama yake alinung'unika huku akipuliza moto, "ila watu ambao hawajaanguka bado wana kitanda chao cha kubebewa."

"Nimekusikia, Mama Shadya," Stambuli, baba yake Shadya, alisema kutoka uani.

"Nimesema ili unisikie."

Baba akacheka. Alikuwa ameketi kwenye kitimwendo, kiti cha magurudumu alichopewa hospitalini, na mlango wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani karibu naye. Ulikuwa wa mbao za mninga, mzito, mweusi kwa moshi. Shadya alimwamkia baba yake, akautupia mlango jicho moja la chuki, akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Kitongoji chao cha Lusembwe kiko kwenye ubavu wa milima ya Uluguru, upande wa Kinole. Watu wa huko hulima migomba, pilipili manga na karafuu kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama tu magoti humlegea. Njia ni za miguu. Pikipiki hupanda kwa shida, na gari huishia chini kabisa, barabarani.

Zamani hakukuwa na mpanda mikarafuu aliyemfikia Stambuli, naye hakuona haya kulisema hilo. Lakini miaka miwili iliyopita tawi lilimvunjikia akiwa juu kabisa, akaanguka chali. Wa kwanza kufika alikuwa Mjomba Abdulmajid, kaka yake Mama Shadya. Kwa Waluguru mjomba si mtu mdogo. Ndiye msemaji wa ukoo, na watoto wa dada yake hawalirudishi neno lake. Siku ile alisema, "Apandishwe pikipiki, haraka!" na wote wakatii. Stambuli alinyanyuliwa kwa makwapa na miguu, akakalishwa mshikaki kati ya dereva na Mjomba, pikipiki ikateremka mlima ikirukaruka kwenye mawe. Shadya aliikimbilia kwa nyuma mpaka pumzi zikamwishia.

Baba alilazwa hospitali ya mjini kwa miezi mingi. Aliporudi alibebwa mgongoni, na kuanzia kiunoni kushuka chini hakuhisi kitu, hata kuku akimdonoa kidole. Dunia yake ikawa ule ua. Mvua iliponyesha magurudumu yalizama kwenye udongo mwekundu. Shadya na mama yake walisukuma mpaka wakashindwa, wakamfunika turubai hapo hapo alipokwama. Msimu ulipofika aliziona karafuu zake zikichanua bila kuchumwa, umbali wa kuitana tu, asiweze kuzifikia. Hakusema neno. Shadya alitamani baba aseme chochote, hata agombe, maana ule ukimya ulimwumiza na yeye hakujua la kufanya.

Kule hospitalini alikuwapo mwanamke aliyeitwa Editha, naye wa kitimwendo, aliyekuja kuwafundisha wagonjwa namna ya kuishi upya: kujigeuza ili wasipate vidonda, kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Siku moja alimwuliza Stambuli, "Ulipokuwa chini ya mti, vidole vya miguu ulivihisi?"

"Nilivihisi. Nilikuwa navichezesha."

"Na barabarani ulifikaje?"

Stambuli alimweleza. Editha akamwambia kwamba mfupa wa mgongo uliovunjika ukikunjwa, unaweza kuuharibu uti ulio ndani yake, unaopeleka hisia miguuni, ambao ulikuwa bado mzima. "Hakuna wa kujua kwa hakika, kaka yangu," alisema. "Lakini huenda miguu yako hukuiacha mtini. Huenda uliiacha njiani."

Ndiyo sababu mlango uling'olewa. Stambuli aliwasimamisha wote waliopita karibu na ua wake: wachumaji, wachuuzi wa ndizi, wanafunzi wakitoka shule.

"Ukinikuta nimeanguka kutoka juu, usininyanyue!" aliwaambia. "Usinikalishe. Mmoja ashike kichwa changu kisisogee. Wengine wanigeuze kwa pamoja, kama gogo moja, wanilaze kwenye ubao kama mlango huu. Kisha nifungwe, tushuke polepole."

Watu wazima walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Watoto hawakuwa hata na adabu hiyo. Walimwita Baba Mlango. Glory, rafiki mkubwa wa Shadya, alijitolea kulala juu ya mlango ili tu apate kuigiza anakata roho, akageuza macho na kutoa ulimi, wenzake wakavunjika mbavu. Anayeshika kichwa alikuwa Shadya siku zote, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Alikishika huku ameinama, asionane macho na mtu.

Baba hakuwahi kumtaja aliyesema "Apandishwe pikipiki." Lakini Lusembwe ni padogo, kila mtu alijua. Mjomba naye alijua kwamba wanajua, akaacha kukanyaga uani kwa dada yake. "Shemeji yangu ananianika juani kama karafuu," alilalamika kwa watu.

Jumamosi moja ya msimu wa karafuu, baada ya mvua ya usiku, Shadya alikuwa akitandika mkeka aliposikia tawi likivunjika kule juu. Ukafuata mshindo, kisha sauti ya Mjomba ikashuka mlimani.

"Hashimu! Mwanangu Hashimu!"

Baba alishika magurudumu, akasukuma kuelekea njia ya mlimani kana kwamba amesahau hali yake. Kiti kilipanda kidogo, kikazama, kikalala ubavu, naye akatupwa kwenye matope. Shadya akamkimbilia.

"Niache!" baba alisema.

"Baba, umeanguka!"

"Niache hapa hapa! Nenda ukashike kichwa cha Hashimu. Usikiachie, hata akija nani. Mama yako ataleta mlango."

Shadya akamwacha. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuambiwa afanye. Alipanda mlima akilia, na kila alipogeuka alimwona baba yake pale pale kwenye tope, akijaribu kujiinua kwa kiwiko na kushindwa.

Hashimu alikuwa amelala chali chini ya mkarafuu, macho wazi, uso umejaa jasho. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, naye ndiye mtoto pekee wa Mjomba. Evance, dereva wa bodaboda, alikuwa tayari amewasha pikipiki, na Mjomba alikwisha kupitisha mikono chini ya makwapa ya mwanawe.

"Shikeni miguu!" Mjomba alifoka. "Mnangoja nini? Mtoto atakufa!"

Shadya alipiga magoti, akaweka viganja vyake pande mbili za kichwa cha Hashimu.

"Ondoka hapo, Shadya."

"Nisamehe, mjomba. Siondoki."

Wachumaji waliguna. Mtoto hamjibu mjomba wake hivyo. Mjomba aliachia makwapa, akainua mkono. Shadya alifumba macho akingoja kofi, lakini viganja vyake havikusogea. Hakujiona jasiri hata kidogo. Aliona hofu tu, na alijua kwamba Mjomba akiamua kumtoa, hana nguvu za kumzuia.

"Mwache anichukue," Hashimu alisema kwa shida. "Mgongo unaniuma mno. Lakini miguu ni mizima, Shadya. Ona, vidole navichezesha."

"Baba naye alivichezesha," Shadya alisema.

Mkono wa Mjomba ulibaki juu. Alivitazama vidole vya mwanawe vikisogea, kisha akatazama chini kule ilikokuwa nyumba ya dada yake. Akaketi kwenye majani, mtu mzima yule mwenye sauti ya kuamuru, akalia mbele ya watu.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza. "Jamani, niambieni nifanyeje!"

Evance akazima pikipiki.

Mama Shadya alitokea na mlango kichwani, akihema, na Glory nyuma yake na mzigo wa kanga. Safari hii Glory hakucheka. Aliwaonyesha watu pa kusimama, maana alikuwa amelala kwenye mlango ule mara nyingi kuliko mtu yeyote. Shadya ndiye aliyehesabu, kwa kuwa anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri. Alipofika tatu walimgeuza Hashimu wote kwa pamoja, mlango ukaingizwa chini yake, wakamrudisha taratibu akalala juu ya mbao. Wakaviringisha kanga pande zote mbili za kichwa, nyingine wakamfunga nazo kifuani, kiunoni na miguuni.

Kushuka kulikuwa mateso. Kila jiwe lilikuwa tishio, na kila Hashimu alipopiga kelele Mjomba, aliyeshika pembe ya mbele, alitaka kukimbia. "Polepole, mjomba," Shadya alisema, naye akatii. Walipofika karibu na nyumba walimkuta Stambuli bado amelala matopeni, tope limemfika masikioni. Mama Shadya alitaka kumwendea.

"Msinishughulikie mimi," alisema. "Legezeni kanga ya kifuani, mtoto apumue. Hashimu, vidole?"

"Navihisi."

"Endeleeni."

Mjomba alipita karibu naye, wakatazamana. Mlango ukateremka kuelekea barabarani, lilikokuwa gari lililoitwa na Evance. Stambuli alibaki akiusikiliza msafara mpaka hakuusikia tena. Ndipo majirani wakaja kumwinua.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Simu haikulia. Baba hakula vizuri, na hakumwita mpita njia yeyote.

"Na kama tumemchelewesha tu?" alimwuliza Shadya jioni moja. "Kama ningewaacha wampeleke haraka ingekuwa heri?"

Shadya alimsogezea uji, akakaa karibu naye.

Simu ilipolia hatimaye, Mama Shadya aliisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi kizingitini pa jikoni pasipo na mlango. Mfupa wa mgongo wa Hashimu ulikuwa umevunjika, alisema, lakini uti ulikuwa salama. Angelala kitambo, angevaa mkanda mgumu, kisha angetembea. Daktari alikuwa ameuliza ni nani aliyemfunga vile.

Baba alicheka kwa sauti kubwa. Kisha aliitazama miguu yake mwenyewe, na kicheko kikageuka kilio. Shadya alielewa kwamba baba yake amefurahi kwa kweli na ameumia kwa kweli, yote kwa pamoja, na kwamba hakuna mtu duniani awezaye kumpunguzia lile la pili. Alimshika mkono tu.

Mjomba aliporudi kutoka mjini alikuja moja kwa moja uani, mlango kichwani. Aliutua, akaketi chini, si kwenye kigoda alichoandaliwa.

"Shikamoo mjomba," Shadya alisema.

"Marahaba, mama." Kisha akamgeukia Stambuli. "Shemeji, mimi ndimi niliyekukunja. Nilikaa mbali kwa sababu kila nikikiona kiti hicho naiona mikono yangu."

"Mikono yako ilinipenda siku ile," Stambuli alijibu. "Ungekuwa adui ningekuchukia, nikapumua. Ndiyo maana sikukutaja."

"Na miguu yako?"

"Hairudi, Abdulmajid."

Mama Shadya aliinua mlango upande mmoja, akautazama ulivyochubuka, akauegemeza ukutani pale pale ulipokuwa. "Huu usirudi jikoni," alisema. "Kuku nitapambana nao mwenyewe."

Jioni wanafunzi walipopita, si baba aliyewaita. Mjomba alisimama njiani akawaamuru wote waingie uani, kisha akavua kofia, akalala chali juu ya mlango. Miguu yake mirefu ilizidi mbao. Hakuna aliyecheka.

"Nisikilizeni," alisema akitazama mbinguni. "Mimi nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilimponza mtu ninayempenda. Kumpenda aliyeumia hakutoshi. Ujue pa kumshika. Kama hujui, uliza kabla hujamgusa, na anayejua akiwa mtoto mdogo, mtii. Mimi nilimtii huyu Shadya kwa kuchelewa, na bado mwanangu atatembea."

Watoto walimtazama Stambuli kwenye kiti chake. Naye alifuta uso kwa kiganja.

"Shadya," alisema. "Kichwa."

Shadya alipiga magoti, akakishika kichwa cha mjomba wake kwa mikono miwili, safari hii ameinua uso. "Moja," alianza kuhesabu. Jikoni kuku walikuwa wameingia tena, na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.