Fundo la Khanga ya Shangazi

Kila Jumamosi, Mwanvua alipomaliza kuosha vyombo, shangazi yake alimtuma duka la dawa pale Kilosa. "Kanichukulie zile kapsuli za kupunguza asidi, mwanangu. Na usipitie kwa wenzako!" Mwaka wa pili huo. Hospitalini Shangazi Mwanasha aliambiwa azimeze wiki mbili tu, kisha arudi. Hakurudi ng'o.

Utumbo ulimsumbua siku nyingi, mara choo kinafunga, mara anaharisha. Lakini mwezi huu tumbo lilijaa gesi likavimba, na mwili ukazidi kukonda. Mwanvua alilelewa na shangazi huyo tangu mchanga. Akimkosa, atabaki na nani?

Wakaenda kwa daktari Mikumi. Wakiwa kwenye benchi, shangazi akaitoa paketi ya kapsuli mkobani, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Kimya, umesikia? Sitaki kugombezwa mbele za watu."

Walipoingia, Daktari Magdalena aliuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia, mama?"

"Hakuna, daktari. Maji tu."

Maji tu! Kumkatiza mkubwa ni kukosa adabu, na Mwanvua alijua hilo. Lakini macho yake yaliganda kwenye lile fundo.

"Shangazi, nisamehe," alisema. "Daktari, anameza kapsuli za asidi kila siku. Huwa nanunua mimi." Akaangua kilio.

Shangazi alimkazia macho. Kisha, taratibu, akafungua fundo na kuiweka paketi mezani.

Daktari hakugomba. "Asidi ya tumbo huua vijidudu vya chakulani," alieleza. "Ukiipunguza muda mrefu, bakteria wanaweza kuzaliana kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba, hasa kwa mtu mwenye utumbo wa kusumbua kama wako. Wenye kisukari au waliopasuliwa utumbo nao wako hatarini. Tutapima, halafu tutakutibu. Kapsuli tutazipunguza pamoja, usiache ghafla."

Vipimo vikaonyesha hivyo hivyo, naye akapewa dawa. Baada ya wiki kadhaa tumbo lilinywea na hamu ya kula ikarudi. Siku ya kurudi kliniki, kabla hajaulizwa, Shangazi Mwanasha alipanga dawa zake zote mezani.

Walipotoka alimshika Mwanvua mkono. "Niliona haya, mwanangu, na haya hiyo nusura inizike. Daktari akikuuliza, mwambie yote, hata yale unayoyaonea aibu. Na mimi nikidanganya tena, nisemee."

"Nitakusemea, shangazi," alijibu Mwanvua, na kwa mara ya kwanza tangu tumbo la shangazi livimbe akacheka.