Aliyeita Ukunguni

Siku ya Maulidi, mtaani Langoni hapana pa kutia mguu. Mohdhar, aliyerudi juzi kutoka Uingereza, alisukumwa na umati hata halua yake ikamwagikia leso ya mwanamke aliyekuwa akinunua asumini.

"Bwana, halua huliwa, haivaliwi!"

"Niwie radhi, Bi. Nitakununulia leso mpya."

"Nunua mato ya kuonea kwanza," akasema mwanamke huyo, Saadiya, akicheka.

Tangu hapo Mohdhar hakukosa sababu ya kupita barazani kwa Bi Tima, shangazi yake Saadiya, aliyesuka ukili wa mkeka huku akisikiliza kila neno. Wakataniana mwezi mzima. Mwisho akamtaka.

"Hunioi. Mimi mke wa mtu," Saadiya akajibu. "Mume wangu Jeilani yuko Uingereza mwaka wa sita huu, afanya kazi kwenye daraja la reli linalogeuka meli zipite. Yu hai, amekufa, sijui. Kadhi ataka shahidi wa kifo ndipo aniache huru."

Mohdhar akaondoka bila kuaga. Saadiya alilia, akidhani amedharauliwa.

Kumbe Mohdhar alikula sahani moja na Jeilani miaka miwili, wakifanya kazi pamoja kwenye daraja lile. Jina la mke hakulisikia kamwe. Jeilani alisema "watu wa nyumbani" tu, kama ilivyo ada.

Mohdhar alikimbilia mji wa Faza, ng'ambo ya maji. Huko, hata jua la mchana likiwaka, alisikia akiitwa kutoka majini. Wiki ya tatu akarudi.

"Umefuata nini?" Saadiya akamuuliza.

"Jeilani amekufa. Nimemuua mimi."

Ukili ukamtoka Bi Tima mkononi.

"Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Meli ililia, nikaanza kuligeuza daraja. Sikujua kuna mtu anavuka kwa miguu. Nikasikia, 'Mohdhar! Mohdhar!' Mtu simwoni. Nasi tumelelewa hivi, Bi: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, ni jini. Nikanyamaza, nikaendelea kugeuza. Ukungu ulipoondoka, palikuwa na kofia ya Jeilani kwenye reli; mwenyewe alichukuliwa na mto. Sikumwambia mtu."

"Aliita mara ngapi?" Saadiya akauliza.

"Tatu."

Saadiya akaingia ndani, akafunga mlango.

Mohdhar akaapa mbele ya kadhi. Kadhi akasema mume alikufa miaka mitatu nyuma, eda ilishapita, Saadiya yu huru hata leo.

"Eda iliyopita bila mimi kujua si yangu," Saadiya akasema. Akakaa chumbani miezi minne na siku kumi.

Siku aliyotoka, Mohdhar alikuwa barazani, amekonda.

"Wanitaka bado?"

"Nakutaka. Wewe je, wanitaka mimi?"

"Nakutaka, na nakuchukia. Sijui kipi kitashinda." Akaketi mbali naye. "Mahari yangu sitaki dhahabu. Nihadithie miaka miwili mliyokaa naye. Usiruke hata siku moja."

Mohdhar akaanza. "Siku ya kwanza alikuwa akipika wali, ukaungua. Akasema huku ni kuungua kwa Kizungu."

Saadiya akacheka, machozi yakimtoka. "Endelea."

Ilipoadhiniwa alasiri, hadithi ya Mohdhar ilikuwa bado haijafika asubuhi ile ya darajani.