Mshono wa Puani

Asubuhi ile bahari ilikuwa shwari na kila mtu ndani ya manowari Sakonnet alikuwa na furaha. Tangu vita na Mwingereza vianze, meli hiyo ya Kimarekani ya matanga kutoka New London ilikuwa imeshateka merikebu tatu za adui, na mabaharia wake walitembea vifua mbele. Obed Kinsley, mshona matanga, alikaa sitahani akitia kiraka. Mgongo ulimwasha kwa majeraha ya mjeledi.

"Mgongo wako umekuwa ramani, bwana," Asahel, msaidizi wake, alimtania.

"Cheka tu. Jabez Rudd ndiye atakayelia."

Jabez, baharia mwenzao, ndiye aliyemchongea kwa nahodha kwamba alilewa akiwa zamuni. Tena siku ya viboko alisimama mstari wa mbele, akitabasamu. Obed alimchukia hadi chakula kikawa hakimpiti kooni.

Adhuhuri wakakutana na Mwingereza. Mizinga ilinguruma mpaka alasiri, na bendera ya adui ikashushwa. Ndipo kazi ya Obed ikaanza. Kila maiti hushonewa ndani ya machela yake ya turubai, ileile aliyokuwa akilalia, na risasi za mzinga huwekwa miguuni ili azame. Mshono wa mwisho hupitishwa puani. Aliyekufa hasikii kitu. Aliye hai ataruka, na ataokoka.

Jabez aliletwa bila jeraha, ila uvimbe kisogoni. Asahel aliokota risasi mbili za mzinga za adui zilizoangukia sitahani, zenye alama ya mshale ya mfalme wao.

"Aende na zawadi za Mwingereza," alisema, akaziweka miguuni mwa Jabez, akaondoka kuwaita wazikaji.

Obed alishona kutoka miguuni kupanda juu. Magoti. Kifua. Kidevu. Alipoinua sindano kuipitisha puani, jicho la Jabez likafunguka.

Likamtambua.

"Obed..."

Sindano ikaganda hewani. Kisha Obed akavuta turubai, akamfunika uso, akashona kitambaa kitupu.

"Ya puani umepitisha?" Asahel aliuliza aliporudi.

"Nimepitisha."

Wakamtosa. Obed peke yake ndiye aliyeona mfuko ule ukirusha teke kabla ya kuzama. Hakujuta hata chembe. Alilala usingizi mtamu kuliko wote tangu achapwe.

Alipoamka, kingo za machela yake zilikuwa zimeshonwa pamoja miguuni. Uzi ulikuwa umelowa maji ya chumvi.

"Asahel, mzaha huo ukome."

"Mzaha gani, mwenzangu? Mimi nimekesha kwenye usukani."

Kesho yake mshono ulifika magotini. Obed akatupa sindano zote baharini. Siku ya tatu ukafika kifuani, na turubai ikanuka matope ya chini kabisa ya bahari. Akaapa hatalala tena. Alikaa sitahani akitafuna biskuti ngumu, akijichoma kidole kwa kisu kila kope zilipomwelemea.

Mchana mmoja wa ukungu, tanga la Mwingereza mwingine lilionekana. Ngoma ya vita ikapigwa. Manowarini, vita vikikaribia, machela zote hukunjwa na kupangwa ukingoni zizuie risasi. Moja tu ilibaki ikining'inia chini ya sitaha. Ilikuwa ya Obed. Hakuna aliyemwona akishuka.

Asahel alishuka kuichukua. Akakuta imeshonwa hadi juu.

"Obed?" alinong'ona.

Machela ikacheza. Mara moja tu.

Aliipasua kwa kisu. Maji ya bahari yakamwagika sakafuni. Obed alikuwa amelala humo, macho wazi, amekufa. Mafundo yote ya uzi yalikuwa upande wa ndani.

Miguuni mwake Asahel aligusa chuma. Risasi mbili za mzinga. Zilikuwa zimeota kutu, na konokono wadogo wa baharini wamezing'ang'ania. Akafuta moja kwa kiganja. Alama ya mshale ikatokeza.

"Ulisema umepitisha," alinong'ona. "Obed, uliniambia umepitisha."

Juu, mizinga ikaanza kulia. Asahel hakuisikia. Alikuwa anatazama uso wa mwenzake. Mshono wa mwisho ulikuwa umepita puani, sawasawa na desturi, na damu ilikuwa bado inatoka, ya moto.