Kanga Kumi na Mbili za Getini

Duka la stesheneri pale Usagara lilikuwa limejaa tangu saa mbili asubuhi. Nasma alikuwa wa tano kwenye foleni, mtandio wa zambarau umemteleza begani kwa joto, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake mkononi. Mashine ya kuchapa mabango ilikuwa ikitema picha kubwa polepole, watu wakiinama kutazama. Naye akainama.

Aliona geti la kiwanda cha magunia ya katani. Mbele ya geti wanawake kumi na wawili wameketi chini, nyuso zimefunikwa, kanga zao nyeupe tupu kama sanda.

"Nani kachora hii?"

"Mimi, bibie." Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, kofia ya viua kichwani, mvi kidevuni, kishikwambi kwapani. "Niliichora kwa penseli nikiwa kijana. Sasa nazirudia picha zangu zote humu kwenye…" Akasita. "Nasma?"

"Mselem! Kumbe hujafa?"

Foleni nzima ikacheka. Nasma hakucheka.

Miaka thelathini si mingi kwa aliyedhulumiwa. Mwaka wa tisini na tano wakubwa wa kiwanda waliamua kupunguza watu, wakaanza na wanawake. Wao wenyewe hawakujipunguza. Usiku mmoja wanawake kumi na wawili wakaketi getini kugoma, wakatawanyika kabla wakubwa hawajawaona. Mselem, fundi mitambo, alikuwa mchumba wa Nasma, aliyefanya kazi chumba cha kusokota. Aliwachora wote, akawafunika nyuso makusudi asitambulike mtu, akaibandika picha getini alfajiri ili wengine wajiunge. Nyapara aliitazama asiambulie kitu. Akamwita mkewe. Yule mama akazisoma kanga moja moja: hii ya mananasi, yenye tundu la pasi, ya Mboni; hii ya mikufu kaivaa Benedikta kwenye ubatizo wa mwanawe; hii ya Nasma. Kufika adhuhuri wote kumi na wawili walikuwa wamefukuzwa kazi, na Mselem hayumo Tanga. Mji mzima ukasema kawauza. Baadaye kiwanda chenyewe kikauzwa, mashine zikang'olewa kama meno, na waliouza wakaitwa waheshimiwa mpaka kaburini.

"Tuliambiwa umetuuza," alisema Nasma, mbele za watu.

"Wallahi sikuuza!"

"Basi ulikimbia nini?"

Mselem akanyoosha mkono kulichukua bango.

"Na leo unatubandika tena bila kutuuliza?" Nasma akakikunja cheti, akatoka bila hata kutoa kopi.

Kesho yake asubuhi, akipepeta mchele nyumbani kwake Makorora, simu ikalia.

"Namba yangu umepewa na nani?"

"Mboni. Kanitukana robo saa nzima, ndipo akanipa."

Nasma alitaka kukata. Hakukata. Mume wake alikuwa amefariki mwaka wa tisa sasa, na hakuna sauti iliyowahi kumfanya asimamishe ungo namna ile.

"Kanga zetu umezifuta kwa nini?"

"Kanga ndizo zilizokuumbueni. Nilichora kila ua, kila pindo, nikaficha nyuso nikajiona mjanja. Ujinga wa kiume, Nasma. Nilidhani mtu ni uso. Nilipojua nilichofanya, nikaona haya kukutazama. Nikapanda lori la Mombasa siku ile ile."

Nasma aliweka ungo chini.

"Kosa la kanga ningekusamehe kabla ya Magharibi. Nani wa Tanga hajakosea? Lakini ulikwenda zako, sisi tukabaki kuulizwa. Miaka miwili naitwa mchumba wa msaliti, sokoni, kisimani, msibani. Ningekuwa na wewe pembeni, ningewajibu. Ningewajibu vizuri sana!"

"Nifanye nini?"

"Rudisha kanga. Funua na nyuso. Wa kutufukuza hayupo tena. Ila kila mmoja muulize kwanza. Waliokufa, waulize watoto wao."

Mselem alizunguka siku kumi na nne. Aliuliza barazani, aliuliza hospitalini, akafika hadi Ushongo kwa binti wa marehemu Sabiha. Maua ya kanga aliyakumbuka yeye; nyuso alizikumbuka Nasma. Kila jioni picha iliingia kwenye simu ya Nasma, kisha wakapigiana.

"Benedikta umempa shingo ya twiga."

"Kaomba mwenyewe! Kasema ya zamani ilikuwa fupi."

"Muone! Na Mboni mbona anacheka? Siku ile alilia."

"Kasema amelia vya kutosha."

Nasma alicheka hadi jirani akauliza kulikoni.

Ukabaki uso mmoja. Mselem akaja Makorora baada ya Alasiri, akaketi mkekani na kishikwambi chake. Nasma alitoka na kanga mpya, wanja machoni, asmini kifuani. Mselem akaanza kuchora shavu laini la msichana wa miaka ishirini na moja.

"Huyo nani?"

"Wewe."

"Huyo ulimwacha getini, baba. Hayupo. Mchore huyu."

Mselem akafuta. Akamtazama kwa mara ya kwanza bila kukwepa: mikunjo pembeni mwa macho, pengo la jino, nyusi zilizopungua. Alichora polepole, na Nasma hakujificha.

"Nataka kumtuma mshenga kwa kaka yako Sele," alisema bila kuinua kichwa. "Ukiniruhusu."

"Umeuliza kabla. Umeanza kujifunza."

"Sasa?"

Huko kwao mposaji hakanyagi kikao cha posa. Hungoja nyumbani aletewe habari, njema au mbaya.

"Aje Ijumaa," alisema hatimaye. "Na wewe uje naye. Ukae pale pale mbele ya Sele na wajomba, wakuulize yote ya mwaka ule, ujibu kwa kinywa chako mpaka wachoke."

"Mila haiko hivyo, muhibu. Watanicheka mji mzima."

"Watakucheka." Akamsogezea kikombe cha kahawa. "Nami nitakuwa nimekaa pembeni yako."