Madigadi ya Kushoto

Baba Pacha aligonga madigadi mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama afanyavyo kila mnyoosha bodi za magari kabla hajashika nyundo, na madigadi ikamjibu.

Alibaki na kidole hewani. Kwa fundi wa bodi, kugonga ni kusikiliza. Bati tupu hulia sauti nyembamba, kama kijiko kwenye sufuria. Palipozibwa kwa puti, ule udongo laini wa kusawazisha mabonde ya bati, sauti hufa. Upande wa kulia wa gari ulikuwa umelia vizuri. Kushoto, juu ya tairi la mbele, sauti ilikufa, kisha kutoka ndani ikaja nyingine, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika nayo. Ngo.

"Umesikia?" alimwuliza mkewe.

Mama Pacha alikuwa sakafuni, ameukalia mto wa kiti cha nyuma cha gari hilohilo, anafumua nyuzi za ngozi kwa wembe. Yeye ndiye fundi wa viti. Bodi ya mume, viti vya mke. Mteja aliyemuudhi mmoja aliwakosa wote wawili.

"Nimesikia tumbo lako," alisema. "Hujala tangu asubuhi."

Gari lilikuwa la Mzee. Lilikuwa saluni ya zamani, yenye pua ndefu na taa za mviringo, ya wakati ule magari yalipokuwa na sura. Mzee alimwokota Baba Pacha akiwa yatima wa kubeba mizigo, akamtia nyundo mkononi, akamlea, akamsimamia harusi, na mwisho akamwachia karakana. Sasa mapafu yalikuwa yakimwisha, na alikuwa na ombi moja: gari libabuliwe mpaka bati, lipakwe upya, naye azungushwe mtaani japo mara moja kabla hajaenda zake.

"Ila madigadi ya kushoto ipige msasa juujuu tu," alisema siku aliyokabidhi funguo. "Ile iko sawa."

Baba Pacha aliyachukua maneno hayo kuwa uchovu wa mgonjwa. Gari halibabuliwi nusu. Ukiacha kipande kimoja cha rangi ya zamani, rangi mpya itapasukia hapohapo, na hilo alikuwa amefundishwa na Mzee mwenyewe.

Kwa hiyo alipakaza dawa ya kubabua rangi, akasubiri. Rangi ikavimba, ikakunjamana kama utando wa maziwa, akaikwangua. Nyekundu ikatoka, chini yake krimu, chini ya krimu buluu iliyofifia. Milango ikawa mitupu, boneti ikawa tupu, gari likasimama linang'aa kijivu na kuona haya, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe. Ikabaki ile madigadi.

Puti yake ilikuwa nene kama kipande cha mkate. Aliiparura kwa patasi, tabaka la juu likabanduka zima, na kwenye tabaka la chini akaona alama ya dole gumba, pana, yenye kovu lililoikata katikati. Alilijua dole lile. Mzee hupima puti kwa dole gumba kabla haijakauka, na kovu ni la bati lililompasua zamani. Baba Pacha akatabasamu. Akaendelea kuparura.

Chini ya puti palikuwa na bonde, refu, la upana wa bega la mtu. Na ndani ya bonde, michubuko ya rangi ya kijani.

Tabasamu likamkauka usoni.

Kile hakikuwa kijani cha dukani. Kilikuwa kijani chenye umanjano, chenye chembe za fedha ndani yake, kijani kilichozaliwa na mabaki ya makopo yaliyokuwa yanatupwa. Alikichanganya yeye mwenyewe, alipokuwa mwanagenzi, kwa ajili ya baiskeli ya muuza mikate aliyekuwa akipita karakana kila alfajiri. Kijana yule alisimama akimtazama anavyokoroga, akamwuliza kwa kejeli: "Shemeji, rangi imetosha?" Wakati huo Baba Pacha alikuwa hajamsemesha dada wa kijana huyo hata neno. Lakini muuza mikate alikuwa na macho.

Hakukuwa na kitu kingine cha rangi ile chini ya jua. Alfajiri moja baiskeli ilikutwa mtaroni pembeni mwa barabara, imejikunja, na mwenyewe kando yake, mikate imetapakaa kwenye maji. Gari lililomgonga halikujulikana. Mzee alibeba jeneza mbele kabisa, akalia kuliko waliofiwa.

Na dada wa marehemu alikuwa pale nyuma yake, mgongo umeinama, akishona kiti.

Angemwita tu. Mama Pacha, njoo uone. Angesogea pembeni, mkewe angesogea karibu, na rangi ingesema yenyewe. Mdomo aliufungua. Kisha akamwona akilini Mzee na mtungi wake wa hewa, akauona mkono uliomlisha, akafikiri, si leo, na mkono wake mwenyewe ukaokota msasa. Akasugua. Akasugua mpaka kijani kikawa vumbi, vumbi likamwangukia kwenye kandambili, na bati likabaki jeupe.

"Mbona unapumua hivyo?" mkewe aliuliza bila kugeuka.

"Vumbi."

Kwenye ukuta wa karakana aliandika zamani kwa mkono wake: HAPA TUNANYOOSHA, HATUZIBI. Akashika nyundo alitoe bonde. Pigo la kwanza likatoa mguno, mfupi, wa chini, mguno wa mtu aliyekatwa pumzi. Nyundo ikamtoka. Akatazama huku na huku, akachukua kopo la puti, akaziba.

*

Puti ile ilikataa kukauka. Adhuhuri ya siku ya pili aliigusa, ikawa laini bado, na ya moto, moto wa kitu kilichotoka tanurini. Kisha ikaja harufu. Karakana ile ilinuka thina, kutu na gundi ya ngozi mwaka mzima, lakini adhuhuri ile, mtaa umetulia, jua limekaa juu ya mabati, ilinuka mkate.

Mama Pacha aliinua kichwa. "Nani kanunua mkate?"

"Jirani labda."

"Jirani gani, huyu anayeuza matairi?" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Baba Pacha. Huo mkate unanuka kama wa kaka."

Alijifanya anatafuta spana. Nyuma yake, ndani ya bati, ngo.

Kuanzia hapo ilibisha kila mtaa ulipotulia. Alipaka praima, rangi ya msingi ya kijivu, juu ya puti, na alipogeuka kuosha bunduki ya rangi praima ikawa imechanika mistari, na ndani ya mistari kulikuwa na kijani. Alikifuta. Kikarudi. Kila alipokifuta alijiambia ni mara ya mwisho, na kila mara alimwona mkewe ananyoosha ngozi juu ya kiti, anaipapasa isije ikawa na mkunjo wa kumuumiza Mzee mgongoni, na moyo wake ukamsuta hata chakula kikawa majivu.

Mzee aliletwa kuliona gari. Alishuka kwa mkongojo, akalizunguka akihema, akafika kwenye madigadi ya kushoto, akaweka kiganja. Ngo. Kiganja kikaondoka haraka, kama kimeungua.

Walitazamana, mlezi na mlelewa.

"Nilikwambia juujuu tu," Mzee alinong'ona.

"Baba, kwa nini hukusimama?"

"Nilisimama. Nikamwona bado anahema." Akafumba macho. "Ndipo nikaondoka." Kisha akamshika bega. "Umeziba vizuri, mwanangu. Nimezaa watoto kwa damu wakanitupa. Wewe nilikuzaa kwa nyundo, ukanisitiri."

Baba Pacha alitamani angetukanwa.

*

Mganga aliitwa na Mama Pacha, ambaye sasa naye alikuwa akiusikia ule mbisho. Alikuja alasiri kwa pikipiki, helmeti kwapani, mfuko wa dawa umefungwa nyuma. Alilizunguka gari, akalinusa, akaweka sikio kwenye madigadi kama daktari kwenye kifua. Alikaa hivyo kwa muda. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemtoka kwenye nywele.

"Jini la kufukuzwa hugombana nami," alisema kwa sauti ya chini. "Hunitukana, hunitupia vitu, ndiyo kazi yangu hiyo. Hili halina habari nami. Linamtazama mtu."

"Nani?" aliuliza Mama Pacha.

"Aliyeziba."

"Sisi sote hapa tunaziba, mtaalamu. Mimi naziba viti."

Mganga hakucheka. "Liliingia hapa juu ya roho iliyoachwa njiani inahema, likafunikwa, likazoea giza. Mmelivua nguo, kisha mmelifunika tena likiwa macho. Dawa yangu haifui dafu hapa. Aliyeziba akitoe kwa mdomo wake alichokiziba, chote. Akibakiza hata kidogo, litatoka kwenye bati, lifuate kilichobaki."

Akavaa helmeti. Mama Pacha alimgeukia mumewe, akamtazama muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesubiri kurudishiwa kitu chake.

"Una neno, baba?"

"Sina," alisema.

Siku iliyofuata mvua ilianza mapema na umeme ukakatika, karakana ikaingia kiza mchana kweupe, na Baba Pacha, aliyekuwa amekwenda dukani kutafuta puti nyingine, puti yoyote, puti ya kampuni yoyote ambayo ingekubali kukauka, alirudi amelowa akasikia kutoka mlangoni sauti ya mkewe ikiimba polepole kufuata ule mbisho, ngo na neno, ngo na neno, na harufu ya mkate ikamjia nzito, na chini ya mkate maji ya mtaro, na chini ya maji kitu kitamu kilichooza, akamwita, hakuitika, akapapasa ukuta, akajikwaa kwenye kiti kilichokwisha kushonwa, akafika mbele ya gari, na hapo, kwa mwanga hafifu wa mlangoni, akaona puti yote imeanguka sakafuni vipande vipande, na Mama Pacha amesimama ameegemea madigadi, bega lake limelala ndani ya bonde, limeenea sawasawa kana kwamba bonde lilipimwa kwake, kucha zake za kijani, midomo ya kijani, macho wazi yasiyopepesa, na kifua kinahema kama cha mtu aliyelala mtaroni akisikiliza gari linaloondoka.

Akamgeuzia uso. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Shemeji," ilisema kwa upole. "Rangi imetosha?"

Baba Pacha akaanguka mbele ya mkewe, akaishika miguu yake iliyokuwa baridi kama bati, na maneno yakamtoka yakigongana. Kwamba ni Mzee. Kwamba kaka aligongwa na gari hili, kwa madigadi hii, na Mzee alisimama akamwona yu hai akamwacha. Kwamba kijani kilikuwemo ndani ya bonde, kijani kile alichokikoroga yeye. Kwamba dole gumba la Mzee limo ndani ya puti. Alisema mpaka akakauka, na kadiri alivyosema miguu ile ilipata joto, bega likajitoa kwenye bati, kucha zikarudia rangi yake, hata mkewe akashuka taratibu akakaa naye sakafuni, amechoka kama aliyetoka safari.

Mvua ilikuwa imepungua. Madigadi ilikuwa kimya. Baba Pacha alinyoosha mkono akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia nyembamba, safi, bati na upepo tu.

"Kaka yangu," Mama Pacha alisema. Machozi yalikuwa yakishuka bila kilio. "Na mimi nimemshonea kiti." Kisha akainua uso. "Umejua lini?"

Aliyaona macho yake. Aliuona msasa pale juu ya benchi, na siku zote zile alizomwangalia akinyoosha ngozi. Alijua kwamba akilisema hili, mkewe ataondoka, na ana haki ya kuondoka.

"Leo," alisema. "Puti ilipoanguka."

Mkewe akamwamini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, jinsi alivyomwamini upesi, akamwegemea, akalaza kichwa kifuani pake na kulia kilio chake cha miaka. Baba Pacha alimzungushia mikono. Alivuta pumzi, na pumzi ikaja na harufu ya mkate, karibu sana, kama inatoka ndani ya pua yake mwenyewe.

Mama Pacha akaacha kulia. Hakuinua kichwa. Alibana sikio kifuani pake, akasikiliza.

"Baba Pacha," alinong'ona. "Nani anabisha humu ndani?"