Gauni Namba Arobaini na Moja

Kila siku ya likizo, mara baada ya chakula cha mchana, mama alifunga nguo zilizokwisha kupigwa pasi ndani ya shuka safi, akaziweka kwenye kikapu cha baiskeli na kusema maneno yale yale.

"Usiguse pasi. Usimfungulie mtu usiyemjua. Na zile nguo za juu, usiziguse kabisa."

"Sawa, mama."

Kisha kengele ya baiskeli ililia mara moja kwenye kona, na nyumba ikanyamaza.

Mama alikuwa dobi. Walihamia mtaa huu miezi mitatu iliyopita, kuchukua nafasi ya dobi mzee aliyestaafu. Chini kulikuwa na meza ya kupigia pasi, madebe ya maji na sufuria ya wanga. Juu kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha lililotazama barabarani. Dobi mzee aliwaachia daftari lake, pamoja na nguo kumi na tisa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zilitundikwa chumbani juu, kwenye bomba refu la chuma, kila moja ikiwa na kitambaa kidogo chenye namba kilichobanwa kwa pini. Mama alizipangusa vumbi kila mwisho wa mwezi, lakini hakuziuza wala hakuzigawa.

"Mwenyewe anaweza kuwa safarini," alisema. "Anaweza kuwa mgonjwa. Siku akija, ataikuta."

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani aliitwa Mkia, kwa sababu tangu alipojua kutembea alimfuata mama kila mahali, hata mlangoni pa choo. Sasa mama alikwenda kwa baiskeli, na Mkia alibaki.

Wiki ya kwanza alisoma vitabu vyake vyote viwili, akahesabu vigae vya sakafu, akapata mia moja na kumi na mbili. Wiki ya pili alianza kusikia mambo. Bomba la maji lilidondosha tone, na kati ya tone na tone palikuwa na kimya ambacho alijikuta akikisubiri. Mara mbili alisikia jina lake likiitwa ngazini, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipokwenda kutazama hakukuta mtu. Hakuogopa sana. Kilichomsumbua ni kwamba alisikitika kutomkuta mtu.

"Umeshindaje?" mama aliuliza kila jioni huku akivua viatu.

"Salama."

Mama alikuwa amechoka, na jibu hilo halikuhitaji swali jingine.

Siku moja Mkia alisimama mbele ya zile nguo kumi na tisa. Alizitazama moja moja, kama mtu anayepita mbele ya majirani asiowajua. Moja lilikuwa gauni la kijani lenye kola nyeupe. Lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini pasi haikuweza kufuta mikunjo ya viwiko. Mikono ya gauni ilibaki imepinda kidogo, kana kwamba mwenyewe ametoka ndani yake dakika ile.

Alilivaa juu ya nguo zake. Kwa kuwa lilikuwa refu, alipanda kwenye kigoda, na kigoda kilikuwa dirishani, nyuma ya pazia jembamba.

Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya pili, mzee mmoja alikuwa ameinamia meza yake. Alikuwa fundi saa. Aliinua kichwa, na kile kioo kidogo alichokibana jichoni kikaanguka. Akasimama polepole. Saa zake za ukutani ziligonga saa kumi, na kabla hazijanyamaza, mzee aliinua mkono akapunga.

Mkia hakumjua. Lakini zilikuwa zimepita wiki mbili bila mtu kumtazama hivyo, bila haraka. Naye akapunga.

Kesho yake, saa kumi, mzee alikuwa anasubiri. Siku ya tatu alikuwa amevaa koti. Siku ya nne alikuwa amenyoa ndevu na kusogeza kiti chake karibu na dirisha. Mkia naye aliamka kila asubuhi akiwa na kitu cha kungojea. Aligundua kwamba ndani ya gauni lile alisimama vingine: mkono kiunoni, shingo imeinama kushoto. Hakuna aliyemfundisha. Siku nyingine alishuka ngazi akiwa amekwisha kulivua, na bado kiwiko chake kilikuwa kimepinda.

Mambo yaliendelea hivyo kwa wiki tatu, mpaka Mama Duka alipokuja kuchukua mashuka yake. Duka lake lilikuwa chini ya chumba cha fundi saa, na habari za mtaa alizijua kabla hazijatokea.

"Shoga, umemwona yule mzee wangu wa juu?"

"Fundi saa? Sijamwona siku nyingi," mama alijibu.

"Hutamwona. Hatoki. Alhamisi tatu hajaenda zahanati. Dawa za presha zimemwishia, miguu imevimba kama mikate. Muuguzi ananiuliza mimi, utadhani nimemzaa."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema alasiri hana nafasi, ana mgeni." Mama Duka aliteremsha sauti. "Anasema mkewe anamjia. Anasimama dirishani saa kumi. Na mkewe tumemzika mwaka jana."

"Dirisha lipi?"

Mama Duka alielekeza kidevu darini. "Lenu."

Mama alicheka kidogo, kisha wote wawili wakatazama juu.

"Kama kweli ni yeye," Mama Duka alisema akibeba mashuka, "mwambie bakuli langu hajalirudisha."

Mkia alikuwa kwenye kona akikunja soksi. Masikio yake yalipata moto. Mama alipoondoka na baiskeli, alipanda juu na kusoma kitambaa cha lile gauni: arobaini na moja. Akafungua daftari la dobi mzee, akateremsha kidole kwenye orodha.

*41. Gauni la kijani, kola nyeupe. Mke wa fundi saa, ng'ambo. Atalifuata Jumamosi.*

Alifunga daftari. Chumba kilikuwa kimya, na alihisi mtu mwingine yumo humo, amekaa kwa subira, hahitaji chochote isipokuwa gauni lake.

Siku hiyo hakulivaa. Saa kumi alijibana ukutani na kuchungulia. Mzee alikuwa amesimama, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Robo saa ilipita, kisha nusu saa, kisha ikagonga saa kumi na moja. Alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama mtu aliye kwenye foleni, lakini hakukaa.

Hapo Mkia alielewa alipofika. Akilivaa gauni, mzee hataenda kuchukua dawa. Asipolivaa, mzee atasimama pale mpaka aanguke.

Jioni mama aliingia na kuvua kiatu kimoja. "Umeshindaje?"

"Vibaya," Mkia alisema.

Mama alibaki na kiatu mkononi. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akakivaa kiatu chake tena.

"Lilete. Utalibeba wewe, na utasema wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Chumba cha fundi saa kilisikika kabla hakijaonekana: saa kama thelathini, kila moja na mwendo wake. Mzee alifungua akiwa bado na koti lake. Alilitazama gauni kwanza, kisha akamtazama mtoto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umelitoa wapi hilo?"

"Kwetu, ng'ambo. Babu, aliyekuwa anasimama dirishani ni mimi. Sikujua ni la nani. Nimejua leo."

Mzee alikaa kitini. "Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata ile Ijumaa ya mvua?"

"Hata ile."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kwa nini?"

"Nilichoka kukaa peke yangu. Ulipopunga mkono, nilitaka upunge tena." Machozi yalikuwa yanamshuka. "Nisamehe, babu."

Mzee alichukua gauni, akaliweka magotini, akainyoosha kola. "Nendeni sasa," alisema.

"Baba, na zahanati je?" mama aliuliza.

"Nendeni, mwanangu."

Dirisha lake lilifungwa jioni ile, na halikufunguliwa siku mbili. Mama sasa alikwenda na Mkia kupeleka nguo, wakikokota baiskeli pamoja, lakini kila waliporudi mtoto alitazama juu.

"Mama, isingekuwa bora asijue?"

"Angejua tu. Siku ambayo angeanguka."

Alhamisi, saa nane na nusu, mkongojo uligonga kizingiti cha mlango. Fundi saa aliingia, gauni begani, akaliweka juu ya meza.

"Dobi, lifue. Lina jasho la mtoto." Akamgeukia Mkia. "Mke wangu hakuwa mtu wa kupunga. Miaka arobaini alininyooshea kidole tu, niache saa, chakula kinapoa. Nilipomwona anapunga, nikasema kumbe huko aliko wamemfundisha adabu."

Mkia hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Mzee alicheka kwanza, kidogo, kisha akafuta macho.

"Nilikukasirikia," alisema. "Nikajikasirikia na mimi, kwa kuwa macho yangu yanaona gurudumu la saa la ukubwa wa punje, nikashindwa kuona mtoto. Nilikuwa sitaki kuona. Sasa saa kumi ikigonga nitalitazama tu dirisha lenu. Kwa hiyo saa kumi nisiwe nyumbani. Nani atanisindikiza zahanati? Miguu hii imegoma."

"Mimi, babu."

Mkia alipokuwa akivaa viatu, mama aliinama mbele yake.

"Nisikilize. Kuchoka na upweke si kosa, hata mimi hunipata. Lakini mtu akiuficha, atashika chochote kilicho karibu ili aonekane, na kilichokuwa karibu nawe kilikuwa huzuni ya mwenzako. Siku nyingine sema mapema, kama ulivyosema 'vibaya.' Na mimi nimekosa. Nilikuuliza kila jioni, lakini sikusubiri jibu. Nitasubiri."

Mzee na mtoto walitoka, wakageuka kona wakibishana nani anatembea upesi mno. Mama alipiga pasi mpaka alasiri, kisha akapanda juu kutundika nguo. Ng'ambo ya barabara saa zikaanza kugonga, moja baada ya nyingine. Alisogeza pazia akatazama. Ilikuwa saa kumi, na hapakuwa na mtu dirishani kwa mzee.